Jiji Haliongozwi kwa Marufuku wala kwa Sadaka

Ndugu wapenda mageuzi, nanyi waumini wa makanisa mnaosimama nasi,

Jumatatu tarehe 3 Desemba 2018 wakazi wa Nairobi waliamka wakakuta katikati ya jiji lao kumefungwa. Hakukufungwa na adui wala na mafuriko. Kulifungwa kwa amri ya gavana wao wenyewe, Bwana Mike Mbuvi Sonko, aliyeagiza kwamba matatu zisiingie tena humo bali ziwashushe abiria pembeni, katika vituo kama vile Ngara na Muthurwa. Maelfu ya watu wakatembea asubuhi ile. Alitembea mzee mwenye mkongojo pamoja na kijana mwenye nguvu, mgonjwa anayekwenda kliniki pamoja na kibarua anayejua kwamba akichelewa nafasi yake itapewa mwingine. Kabla wiki haijaisha, amri iliyotolewa kwa kishindo ikasitishwa kwa kishindo, na wakawako waliomshukuru gavana kwa huruma yake.

Twalirudia jambo hili leo, ingawa Bwana Sonko aliondolewa madarakani Desemba 2020, kwa sababu ugonjwa uliojitokeza siku ile haukuondoka pamoja naye. Tena tumechoshwa na namna mbili za kumhukumu. Kundi la kwanza husema: alikuwa na sera mbovu za usafiri, lakini alikuwa mtu wa watu, mwenye mkono wazi. Kundi la pili husema: mwenendo wake ulikuwa wa aibu, lakini angalau alithubutu kuzigusa matatu. Makundi haya hubishana usiku kucha, nayo yote mawili yamekosea njia panda. Yametenga sera na mwenendo kana kwamba ni vitu viwili. Sisi twasema ni kitu kimoja. Mkono unaogawa bila kuulizwa ndio huo huo unaopiga marufuku bila kuuliza.

Tuanze na haki yake, maana hatutaki kuitwa wazushi. Msongamano wa magari Nairobi si hadithi. Matatu husimama popote, hugeuza barabara ya umma kuwa kituo cha kibinafsi, na makanga wake hupandisha nauli mara wingu likionekana. Vilevile wazo la kuziondoa katikati ya jiji halikuzaliwa na Bwana Sonko. Ilani ya kuzihamishia vituo vya nje ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi wa Mei 2017, kabla hajachaguliwa. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwenye matatu, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hakuijua biashara ile. Haya yote twayakubali.

Lakini je, abiria aliyeshushwa Ngara asubuhi ile aliandaliwa nini? Wapi njia pana ya miguu, yenye taa na kivuko? Wapi gari dogo la kumchukua asiyeweza kutembea? Wapi choo na mahali pa kujikinga mvua? Mfugaji hubomoi zizi la zamani kabla hajajenga jipya, maana anajua fisi hangoji. Hapa zizi lilibomolewa kwanza, kisha kondoo wakalaumiwa kwa kutawanyika. Watu wengi mno wa jiji hili huenda kazini kwa miguu au kwa matatu. Wenye magari yao ni wachache. Na walio wengi kati ya wanaouawa barabarani jijini ni hao hao waendao kwa miguu. Sera ya usafiri inayomtanguliza mwenye gari na kumkumbuka mwenda kwa miguu baada ya ghasia kuzuka, imepanga safari ya wachache ikaiita safari ya wote.

Amri kama hizi zina nasaba ndefu katika nchi yetu. Mwaka wa 1973 matatu zenyewe ziliruhusiwa kubeba abiria bila leseni kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1983 serikali ya chama kimoja ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi, ikaweka tume ya watu walioteuliwa, na jiji kuu likakaa hivyo hadi 1992 bila diwani aliyechaguliwa. Mwaka wa 2015, wakati wa Gavana Evans Kidero, mapipa yalipangwa kwenye mizunguko ya barabara kuzuia magari kugeuka kulia. Watu wakayaita mapipa ya Kidero, wakayacheka, nayo baadaye yakaondolewa. Rais, tume, gavana: majina yanabadilika, bali tabia ni ile ile. Mwananchi hulala akiwa na njia na kuamka akiwa na amri.

Wala tusisahau nani alilipa gharama ili tabia hiyo ife. Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi mwaka wa 1962, ndiye aliyekamatwa pamoja na Kenneth Matiba mwezi wa Julai 1990 na kutiwa kizuizini, kwa kudai vyama vingi. Siku chache baada ya kukamatwa kwao ikaja Saba Saba, na damu ikamwagika. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukushangilia wingi wa rangi za bendera. Tulishangilia kwamba tangu siku ile mtawala angelazimika kusikiliza kabla ya kutenda. Mameya wa zamani walichaguliwa na madiwani wenzao ndani ya ukumbi, si na raia. Cheo hicho kilikoma mwaka wa 2013, na kwa Katiba ya 2010 tukapata gavana anayechaguliwa na wananchi wenyewe. Nyongeza ya Nne ya Katiba hiyo inaikabidhi kaunti usafiri, barabara za kaunti, trafiki na uegeshaji wa magari. Ibara ya 10 inauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kwa hiyo gavana anayefunga jiji bila kulisikiliza havunji adabu tu. Anavunja agano.

Sasa tuje kwenye huo mkono wazi. Kabla ya kuwa gavana, Bwana Sonko alijipatia jina kwa kikosi chake cha uokoaji, Sonko Rescue Team, kilichotoa maji, magari ya wagonjwa na magari ya kubeba maiti bila malipo. Hatumdhihaki aliyebebewa maiti ya mzazi wake. Msiba hauchagui mfadhili, na mwenye njaa haulizi unga umetoka ghala lipi. Twauliza swali jingine: kwa nini mlipa kodi wa Mukuru au wa Kayole asubiri hisani ya mtu mmoja ili apate gari la wagonjwa ambalo tayari amelilipia? Huduma ikiwa haki, mwananchi anaidai akiwa amesimama. Ikiwa zawadi, anaipokea akiwa amepiga magoti. Na aliyezoea kuwaona watu wamepiga magoti haoni sababu ya kuwauliza wataendaje kazini Jumatatu.

Ndiyo maana hatukushangaa kwa yaliyofuata, wala kwa yaliyotangulia. Naibu wake, Bwana Polycarp Igathe, alijiuzulu Januari 2018, miezi michache tu baada ya kuapishwa, na jiji likakaa bila naibu gavana hadi Januari 2021. Tarehe 25 Februari 2020 Bwana Sonko aliingia Ikulu akatia sahihi hati ya kuikabidhi serikali kuu majukumu makubwa ya kaunti, usafiri ukiwa miongoni mwake. Usafiri ule ule uliotolewa kwa wananchi na Katiba ulihamishwa kwa kalamu ya wachache, na jiji likasikia habari kama wasikiavyo majirani. Majukumu yale yakaangukia chombo kilichoongozwa na jenerali wa jeshi. Watu wengi wakapiga makofi, wakisema angalau barabara zitatiwa lami. Lami ni jambo jema. Lakini je, mtu aliyechoka na mchungaji mzembe humkabidhi kundi lake mtu asiyeweza kumwachisha kazi?

Tarehe 3 Desemba 2020, miaka miwili kamili tangu asubuhi ile ya miguu, Bunge la Kaunti lilipiga kura ya kumwondoa, na Seneti ikaithibitisha tarehe 17 mwezi huo huo. Mahakama ya Juu nayo ikakataa rufaa yake Julai 2022. Wengine wakadhani kesi imekwisha. Haijakwisha. Katiba inaweza kumwondoa mtu, lakini haiwezi peke yake kuondoa mazoea yaliyomzaa. Mazoea hayo yanaishi ndani ya maoni ya umma, na hapo ndipo tunapowahitaji ninyi msomao ukurasa huu.

Waumini wanaikumbuka habari ya Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu walimwendea wakaomba awapunguzie mzigo ambao baba yake aliwatwika. Akawaambia warudi baada ya siku tatu. Akawauliza wazee, wakamshauri awe mpole, kisha akawauliza vijana aliokua nao, wakamshauri azidishe ukali. Akayafuata ya vijana, na makabila kumi yakamwacha. Tazameni vizuri: Rehoboamu hakukosa kuuliza. Aliuliza, ila moyo wake ulikuwa umekwisha kuamua. Huo ndio ushiriki wa wananchi tunaouzoea siku hizi: ukumbi unakodishwa, chai inaandaliwa, daftari linatiwa sahihi, na uamuzi uko tayari mfukoni. Kusikiliza kusikoweza kubadilisha jambo lolote ni maigizo.

Basi twadai nini?

Kwanza, amri yoyote ya usafiri itangazwe mapema pamoja na sababu zake, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na watu wasikilizwe katika kila wadi kabla haijatiwa katika Gazeti Rasmi. Wasikilizwe abiria, wachuuzi, walemavu, wenye mikokoteni na wenye matatu, kila mmoja kwa zamu yake, na majibu ya serikali yaandikwe.

Pili, kitangulie kituo ndipo ifuate marufuku. Njia ya miguu, taa, vivuko na vyoo viwepo kwanza, vionekane kwa macho. Ramani si kituo.

Tatu, kaunti ituonyeshe ada za uegeshaji na za matatu zinakwenda wapi. Anayelipa kila siku ana haki ya kuona hesabu kila mwaka.

Nne, tuitumie sheria tuliyo nayo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa raia haki ya kuiandikia kaunti ombi kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Kila kikundi cha kanisa, kila kamati ya mtaa, inaweza kuandika barua moja, ikahifadhi nakala na kudai jibu. Barua mia moja zenye sahihi huzidi kelele za elfu moja wasioandika.

Tano, nalo twalisema kwa makanisa hasa: madhabahu yasiwe kituo cha kugawia sadaka za kisiasa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza pesa zilizotolewa na wanasiasa katika kanisa la Soweto zirudishwe, za Rais zikiwemo na za gavana wa jiji pia. Wapo walionung'unika kwamba paa la nyumba ya padre halitakwisha. Sisi twasema siku ile kanisa lilijenga kitu kigumu kuliko paa. Kanisa lisilodaiwa na gavana laweza kumwambia gavana ukweli. Lililokula cha gavana litamwombea tu.

Kwa wale watakaotuuliza kama tunamchukia Bwana Sonko, jibu letu ni fupi. Hatuna ugomvi na mtu. Akija mwingine mpole wa maneno, mwenye shahada na suti safi, akafunga barabara bila kuuliza, tutasimama pale pale tuliposimama. Na akija mwenye maneno makali, akatusikiliza, akajenga njia ya miguu kabla ya kuhamisha kituo, tutampa haki yake. Twapima kazi kwa kipimo kimoja: je, mwananchi aliulizwa, na je, jibu lake lilibadilisha chochote?

Ndugu zetu, vyama vingi havikuletwa ili tuwe na wafadhili wengi wa kuchagua kati yao. Vililetwa ili asiwepo mtu wa kutufungia njia usiku na kutufungulia asubuhi, kisha akangoja ashukuriwe. Njia ni yetu. Tuidai tukiwa tumesimama.