Pumba Si Takataka

Ni nani katika nchi za mpunga asiyeyajua malundo ya pumba nyuma ya mashine za kukoboa? Mvua huyaozesha, upepo huyapeperusha, na mwisho mtu huyatia moto, moshi ukajaa kijiji kizima. Papo hapo jirani ahesabu fedha zake, na hazitoshi mfuko wa saruji.

Tulipolitaja jambo hili mbele ya watu tulijibiwa kwa kicheko: "Majivu ni ya jikoni, nyumba ya majivu ni nyumba ya maskini." Maneno hayo twayakataa.

Kwanza, liko Roma jengo liitwalo Pantheon, lililokwisha kujengwa zamani za Kaizari Hadrian, yapata mwaka 126. Kuba lake ni la zege ya chokaa na majivu ya volkeno, wala halina nondo hata moja. Nalo lasimama hata leo. Je, Kaizari alikuwa maskini?

Pili, mhandisi P. Kumar Mehta, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliyachunguza majivu ya pumba tangu miaka ya 1970. Kilo 100 za mpunga hutoa pumba kilo 20 hivi, nazo zikichomwa huacha majivu kilo 4, ambayo sehemu yake kubwa ni silika. Saruji ikikutana na maji huacha chokaa. Silika huishika chokaa hiyo na kuigeuza gundi ngumu. Hivyo majivu yaweza kushika mahali pa sehemu moja katika kumi ya saruji, hata zaidi, na zege isipungue nguvu. Na saruji yenyewe huokwa kwa moto wa digrii 1450, na utengenezaji wake hutoa yapata asilimia 8 ya hewa ya kaboni itokayo katika kazi za wanadamu.

Lakini hatumwambii mtu achote majivu jikoni akajenge. Moto ukizidi digrii 700 hivi, silika huwa kama mchanga tu. Ukipungua mno, majivu hubaki meusi kwa makaa. Tena yapasa kusagwa laini na kupimwa. Ujenzi wa kubahatisha huua watu.

Basi lawama yetu si kwa mkulima. Ni kwa wenye mashine na wakuu wa vyuo vya ufundi wanaoyapita malundo hayo kila siku, wala hawajajenga hata tanuru moja ya kujaribia. Wahenga walisema, Akiba haiozi. Hii yetu yaoza, kwa kuwa hatujakubali kuiita akiba.