Miwani Haina Mbavu

Siku hizi anayetaka kuonekana anakwenda na wakati katika elimu ya udaktari lazima ataje miwani ya uhalisia pepe. Mwanafunzi anaivaa, mbele yake anatokea mgonjwa aliyezimia, mashine zinapiga kelele, naye anaokoa maisha bila kukunja koti lake jeupe. Mgeni rasmi anapiga makofi. Watu wameshaamini kwamba chuo kikinunua miwani hiyo, wahitimu wake watajua kufufua mgonjwa kuliko waliofundishwa kwa doli la plastiki. Imani hiyo ni potofu, na gharama yake si ndogo.

Moyo uliosimama unataka nguvu. Kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiachwe kirudi juu kabisa. Dakika mbili za kazi hiyo zinamtoa jasho kijana mwenye misuli, na wakati mwingine mbavu zinavunjika chini ya viganja. Ukiwa na miwani peke yake unasukuma hewa, au mto ukibahatika. Uholanzi walilipima jambo hili mwaka 2018 kwenye tamasha la muziki la Lowlands. Katika watu 381, wengine walifundishwa na mkufunzi ana kwa ana, wengine kwa programu ya uhalisia pepe, kwa dakika 20 tu. Kwa kasi ya kusukuma, wa miwani hawakuachwa nyuma. Kwa kina, wa mkufunzi walifika wastani wa milimita 57, wenzao 49. Yaani programu iliwafundisha mapigo, ikashindwa kuwafundisha uzito wa mkono.

Watetezi wa doli nao wasichekelee. Mwaka 2010 watumishi wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia kichanga asiyepumua, kwa doli linaloitwa NeoNatalie, ambalo ukilijaza maji linakuwa na uzito wa mtoto. Mbele ya doli walifanya vizuri. Watafiti walipowafuata leba, namna walivyowahudumia watoto wenyewe ilikuwa haijabadilika. Hapo wengi wangeagiza kifaa kingine. Haydom walibadilisha ratiba: kuanzia 2011 mazoezi yakawa mafupi, dakika tatu hadi tano, kila wiki, palepale kazini, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wala hakuna aliyevaa miwani.

Sisemi miwani itupwe. Inaweza kumzoesha mwanafunzi kuamua haraka katikati ya kelele: aanze na nini, amwite nani, aache lini. Hata mchezo wa simu unaweza kazi hiyo. Kenya wanao mmoja, LIFE, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na KEMRI-Wellcome, na mwanafunzi anaweza kuurudia usiku bwenini bila kumwomba mtu ruhusa. Huko kurudia ndiko ninakokupenda.

Kinachoniudhi ni chuo kuomba fedha za miwani huku doli lake limefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo. Mwanafunzi analigusa siku ya somo, kisha siku ya mtihani, basi. Baada ya miezi michache mikono imeshasahau, na miwani nayo ikifika itafungiwa kabati hilohilo kwa sababu ni ghali zaidi.

Kwa hiyo muuzaji akija na maonyesho yake, mpokeeni vizuri. Akimaliza, chukueni mwanafunzi aliyefundishwa na miwani yake pekee, mpigisheni magoti mbele ya doli lenye kipimo cha kina, asukume dakika mbili, halafu muuzaji mwenyewe asome namba kwa sauti. Baada ya miezi mitatu, kabla ya kulipa awamu ya pili, mwiteni arudi asome tena.