Binti na Barua ya Mahakamani

Mama mmoja alinijia kwa simanzi. Bintiye, anayemaliza shahada ya sheria, ameandika barua ya kuomba kazi ya kumsaidia jaji kutafiti sheria. Baba ameikataa: mahakama, asema, si mahali pa mwanamke.

Ndugu yangu, tafakari. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimemkabidhi Kadhi ndoa, talaka na mirathi zetu. Lakini asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, na huenda jaji wa huko hakupata kusoma faraidhi. Ni nani atakayemfunulia vitabu, iwapo wanaovijua tumewafungia ndani?

Mpe binti radhi zako. Aambatishe maandishi aliyoyatunga mwenyewe, si ya kunakili. Na akipokewa, siri za kesi ni amana.

Wallahu aalam.