Maji Nimeyavulia Nguo, Lakini Sitayaoga

Desemba iliyopita, kwenye mazishi ya babu, shangazi yangu alinivuta kando nyuma ya hema akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na kila mtu isipokuwa kinyozi wangu. "Ulimaliza ile masters?" Nikamwambia hapana, shangazi, niliacha. Akanitazama vile mtu humtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa anaumwa nini. "Si ungemaliza tu? Kwani kilikuwa kimebaki nini?"

Maliza tu. Hayo maneno mawili ndiyo nimekuja kupigana nayo.

Tuanze na hesabu, maana watu wa maliza tu huwa hawapigi hesabu. Nilijiunga na uzamili wa fasihi katika chuo kimoja cha umma nikiwa na miaka 23. Masomo ya darasani yaliisha kwa mwaka mmoja, na hiyo sehemu niliipenda, sitadanganya. Kisha ikaja tasnifu. Pendekezo langu la utafiti lilikaa kwa msimamizi miezi saba. Liliporudi lilikuwa na alama tatu za kalamu nyekundu, mbili zikihusu pambizo. Msimamizi wa pili akastaafu. Aliyechukua nafasi yake akasema mada yangu haimvutii, nibadilishe. Nikabadilisha. Miaka miwili ikaisha hivyo, na kila muhula karo ikalipwa, kwa sababu usipojisajili unahesabiwa umetoweka. Tulikuwa tunalipia kusubiri.

Nasema tulikuwa, kwa sababu mwenye kulipa hasa alikuwa mama yangu, anayeuza mitumba Voi na kukopa kwenye chama.

Watu wakisikia hapo pa mama ndipo wanapaza sauti zaidi: pesa yote hiyo ipotee? Jamani, pesa iliyolipwa imeshakwenda. Nikibaki imekwenda, nikitoka imekwenda. Swali la maana ni moja tu: shilingi inayofuata itanunua nini? Shangazi alikuwa analilia pesa ya jana. Mama ndiye angetafuta ya kesho.

Kisha unaletewa wahenga. Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Sawa, naheshimu wahenga. Lakini methali inasema maji. Haisemi ukivua nguo ukakuta mto umekauka ulale kwenye tope ndio watu wasikucheke. Mtu mwenye akili akikuta tope anavaa suruali yake anarudi nyumbani, hata kama kuna watu wanaangalia kutoka darajani.

Sasa, nani alikausha mto? Ingekuwa rahisi kumlaumu msimamizi, na kuna usiku nilimlaumu sana. Lakini angalieni. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba 17, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021. Soma hiyo miaka tena. Mtu anayedai pesa za 2017 ndani ya 2025 atasoma sura yako ya pili saa ngapi? Jioni anakimbia kufundisha chuo kingine ili watoto wake pia walipiwe karo. Msimamizi wangu alikuwa amekwama kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alidai analipwa kidogo, na mimi nilikuwa nalipa.

Na juu yetu sote kuna ulevi wa vyeti. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ilitoa kanuni za kutaka mhadhiri awe na uzamivu, na watu wakapewa makataa. Nia haikuwa mbaya. Lakini ukitaka mazao mengi bila kuongeza mbolea wala wakulima, unajua utakachovuna. Wengine wakakwama miaka na miaka. Kwingine mambo yakaenda mbio: Juni 2019 JKUAT ilitoa shahada za uzamivu 118 katika siku moja ya mahafali, hadi CUE ikaingia kuchunguza. Foleni isiyosogea na foleni inayokimbia zote zinatuambia kitu kimoja: cheti kimekuwa ndicho kitu chenyewe, elimu imebaki karatasi ya kukifungia.

Mfikirie Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikwenda Leeds mwaka 1964 kusoma uzamili. Hakuumaliza. Alirudi Kenya 1967 akiwa na *A Grain of Wheat*, akaajiriwa kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki. Mwaka uliofuata, yeye na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong wakaandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Idara nilikosoma mimi ni mjukuu wa waraka ule. Leo kijana kama yeye, bila uzamili, akiomba kazi ya uhadhiri kwa kanuni hizo za 2014, bahasha yake haitafika hata kwenye meza ya mahojiano.

Lakini pia msinitumie Ngũgĩ kama leseni, na mimi sijitumii. Kabla hajatoka Leeds alikuwa ameshachapisha *Weep Not, Child* na *The River Between*. Mimi nilitoka na simu yenye kioo kilichopasuka na makala mawili. Na wale wa mitandaoni wanaotuimbia kwamba Zuckerberg aliacha Harvard, nawaomba wanyamaze kidogo. Kuacha Harvard ukiwa na kampuni mkononi si sawa na kuacha chuo ukiwa na deni la chama mgongoni. Sikuacha ili niwe tajiri. Mwezi mwingine naandika maelezo ya bidhaa za watu, sabuni na viatu, na kodi ya nyumba inalipwa tarehe 9 badala ya 5.

Kwa hiyo sisemi nyote muache. Kama unasomea kazi ambayo sheria haikuruhusu kuifanya bila hicho cheti, baki. Kama una ufadhili na msimamizi anajibu ujumbe, baki, na umshukuru Mungu. Kama utafiti wako bado unakuamsha usiku kwa hamu, baki hata wakikuita mwehu. Lakini kama kinachokushikilia ni aibu peke yake, hebu jiulize mambo matatu. Nani analipa muhula ujao, na akilipa anakosa nini? Hicho cheti kinafungua mlango gani unaoujua kwa jina, si "milango" kwa jumla? Na Jumatatu baada ya kuacha, utaamka ufanye nini? Hilo la tatu ndilo lilinichelewesha mwaka mzima. Nilipopata jibu, hata lilipokuwa jibu dogo la kulipwa kwa makala, niliandika barua.

Kisha nikapanda gari kwenda Voi, kwa sababu mambo kama hayo huyasemi kwa simu. Mama alikuwa anapanga blauzi kwa rangi. Nilimweleza yote, hata ya pambizo. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akafungua sanduku, akatoa kitenge cha kijani alichokuwa amenunua kwa ajili ya mahafali yangu, bado hakijashonwa. Nilidhani atanilaumu.

"Na deni la chama?"

"Nitalilipa mimi, mama. Elfu tatu kila mwezi."

"Elfu tatu na mia tano," akasema. "Kuna riba, mwanangu." Akakirudisha kitenge sandukuni.

Nimelipa miezi kumi na moja sasa. Sijaruka hata mmoja. Shangazi aliponiuliza nyuma ya lile hema kwa nini sikumaliza, sikumwambia habari ya deni, ingawa hicho ndicho kitu ninachokimaliza. Na kwa vyuo vyetu nina ombi moja la haraka: kila mwaka mtangaze idara kwa idara, kama mnavyotangaza karo, wangapi walianza uzamili na wangapi waliumaliza, na kwa miaka mingapi. Mtoto wa mwuza mitumba aone hizo namba kabla mama yake hajatia sahihi kwenye daftari la chama.