Yesu wa Tongaren na somo la Papa aliyekataa kung'atuka

Mwezi Mei mwaka wa 2023, mahakama ya Bungoma ilimwachilia huru Eliud Wekesa, anayejulikana kote nchini kama Yesu wa Tongaren. Polisi walikuwa wamemzuilia kwa siku kadhaa ili kuchunguza mafundisho yake, wakati taifa lilipokuwa bado linaomboleza maafa ya Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ushahidi wa kumfungulia mashtaka ulikosekana.

Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Lakini swali lililobaki si la mzaha: mtu anapojitwalia cheo kitakatifu, ni nani mwenye mamlaka ya kumpima, na kwa mizani gani?

Swali hili ni la kale. Kuanzia mwaka wa 1378, Kanisa Katoliki liligawanyika, Papa mmoja akiwa Roma na mwingine Avignon, Ufaransa. Mwaka wa 1394, makadinali wa Avignon walimchagua Pedro de Luna, Mhispania aliyeitwa Benedict wa 13. Kabla ya kuchaguliwa, aliapa pamoja na wenzake kwamba angejiuzulu iwapo umoja wa Kanisa ungehitaji hivyo. Alipokalia kiti, hakubanduka. Mtaguso wa Constance ulimvua cheo mwaka wa 1417, naye akabaki katika ngome ya Peñíscola akishikilia kuwa ndiye Papa wa haki hadi alipofariki mwaka wa 1423.

Leo Kanisa humhesabu miongoni mwa mapapa wasio halali. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, alichokiidhinisha mwaka wa 1413, kingali kinafundisha. Cheo kilikataliwa, tendo likadumu.

Hapa kwetu pia mifano ipo. Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki na kusajiliwa mwaka wa 1966, ina Papa na makadinali wake, na Roma haijawatambua. Katika Bungoma yenyewe, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka wa 1948 na kumpeleka Elijah Masinde uhamishoni. Wakoloni walimwita mwendawazimu. Leo wengi humkumbuka kama mpigania uhuru.

Funzo ni wazi. Historia haimpimi mtu kwa jina alilojipa, bali kwa alichowatendea waliomwamini. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda imani, hata ile inayowashangaza majirani. Hakimlindi anayewanyima watoto chakula, dawa au shule. Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, haikuwa kosa la cheo. Lilikuwa kosa la matendo ambayo vyombo vya dola vilichelewa kuyaona.

Basi serikali iwaachie waumini na wanateolojia mjadala wa nani ni nani. Kazi yake ni kuchunguza kinachotendeka nyuma ya ua, mapema, kabla ya makaburi kuchimbwa.