Piki-piki Inayokunywa Kupita Kiasi

Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo lianzalo barabarani na kuishia mezani pa jamaa.

Kijana mmoja wa Butembo, abebaye abiria na mizigo mpaka Beni, alitusimulia shida yake. Piki-piki aliichukua kwa deni. Kila jioni alikuwa akimpa mkewe fedha za chakula, akiweka kando sehemu ya deni, na kubakiza ya esansi ya kesho. Baada ya miezi michache esansi ilianza kula sehemu ya deni, kisha ikaanza kula chakula. Safari zilikuwa zile zile, abiria wale wale. Ila nyuma yake ulifuata moshi mweusi, na injini ilikohoa kama mzee wakati wa baridi.

Fundi aliyemwendea akasema: “Boya limepanda, tulipinde.” Akalipinda kwa kukisia, bila kupima. Moshi ukapungua, kijana akafurahi. Lakini siku ya pili, akiwa amebeba mzigo na kukaza mwendo mlimani, injini ilikatika. Akaiwasha, ikakatika tena, na jua lilikuwa linatua. Sisi sote tuijuao barabara ya Beni na Butembo, na machozi yaliyomwagika kando yake miaka hii, twajua kwamba si mahali pa kukutwa na giza ukisukuma piki-piki.

Je, kosa lilikuwa wapi? Ili kulijua, yatupasa kwanza kufahamu kazi ya boya.

Chini ya kabureta kuna bakuli dogo lenye esansi. Ndani yake huelea boya. Esansi ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano fupi, nayo hufunga njia ya esansi itokayo tangini. Esansi ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Ni kazi ile ile ya boya katika tangi la maji la nyumbani. Kutoka bakuli hilo injini huvuta esansi kupitia vitundu vidogo vya shaba. Esansi ikisimama juu mno bakulini, huvutwa kwa urahisi kupita kiasi. Ikisimama chini mno, injini hukosa hasa pale inapohitaji nyingi, yaani mlimani na chini ya mzigo. Ndivyo ilivyompata kijana wetu.

Injini haili esansi peke yake. Kwa kila kilo 1 ya esansi yahitaji kilo 15 hivi za hewa. Esansi ikizidi, haiungui yote: nyingine hutoka kuwa moshi mweusi, nyingine huacha masizi, na nyingine hupenya mpaka kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji. Oili ikiwa hivyo, chuma husaga chuma.

Hapa yafaa tuikumbuke nchi yetu ilivyo. Bidhaa nyingi za Butembo hupitia bandari ya Mombasa, huvuka Kenya na Uganda, na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Hewa ya Mombasa ni nzito, kwani mji uko ufuoni mwa bahari. Butembo uko juu, mita 1,700 na zaidi, na hewa yake ni pungufu kwa sehemu moja hivi katika sita. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani, ikifika huku, yatoa esansi ile ile kwa hewa iliyopungua. Beni nao uko chini ya Butembo kwa mita mia kadhaa. Basi dereva wetu hubadili hewa kila siku, kwa safari ya kilomita 50 na kitu tu.

Hivyo moshi mweusi una baba wengi, na boya ni mmoja wao tu. Fundi mwenye akili huwauliza wote kwa zamu, akianza na walio rahisi.

Kwanza, atazame rangi. Moshi wa buluu si wa esansi, ni wa oili. Dawa yake iko mahali pengine. Afungue buji: ikiwa na masizi meusi makavu, esansi imezidi, ikiwa na rangi ya udongo wa kahawia hafifu, injini yala vema.

Pili, afungue chujio la hewa. Vumbi la barabara zetu huliziba upesi, nayo injini iliyozibwa pua haina budi kuvuta esansi zaidi. Chujio lisafishwe au libadilishwe. Wako vijana waliotupa chujio wakaona injini ina nguvu. Hao wameuza silinda yao kwa vumbi.

Tatu, atazame mkono wa kuwashia asubuhi, ule unaofunga hewa, kama umerudi mahali pake.

Nne, atazame mpira mwembamba utokao chini ya kabureta. Ukidondosha esansi, sindano haifungi: pengine imeingiwa na mchanga, pengine ncha yake imelika na kuonyesha mkunjo kama pete. Uchafu huondolewa, ncha iliyolika haiponyeki, ibadilishwe.

Tano, alitoe boya na kulitikisa sikioni. Likisikika na maji ndani, limetoboka na limezama. Kulipinda ni kazi bure.

Baada ya hayo yote ndipo apime. Koki ya tangi ifungwe na bakuli limwagwe kwa chupa, mbali na jiko la makaa na mwenye sigara. Mama wa nyumba, chupa hiyo isifanane na chupa ya kinywaji, wala isikae mahali mtoto afikapo. Kabureta ilazwe kwa upande mpaka kilimi cha boya kiguse tu kisindano bila kukibonyeza. Hapo apime kwa rula kutoka ukingo wa kabureta, gasketi ikiwa imeondolewa, mpaka upande wa mbali wa boya. Kipimo cha kweli kimo katika kitabu cha piki-piki ile, si katika kitabu cha nyingine. Kipimo kikiwa kidogo kuliko kilichoandikwa, esansi husimama juu mno. Kikiwa kikubwa, husimama chini mno. Akitaka kuishusha esansi, akiinue kidogo sana kile kilimi kuelekea sindano, huku akiwa amelitoa boya ili asiiumize ncha. Milimita 1 ni nyingi. Akipinda, apime tena. Na boya la plastiki lisilo na kilimi cha chuma halipindwi, hubadilishwa.

Je, kipimo kikiwa sawa na moshi ukabaki? Hapo ndipo mlima unaposema. Lakini dawa ya mlima si boya. Dawa yake ni kile kitundu kikubwa cha shaba kubadilishwa kwa kingine chembamba kidogo, na fundi ajue kwamba dereva atashuka Beni pia. Akikifanya chembamba mno kwa ajili ya Butembo, injini itaona njaa Beni na kuchemka. Achague kiasi kifaacho njia nzima, kisha aitazame tena buji baada ya safari.

Kijana wetu alikwenda kwa fundi wa pili, mzee mwenye rula mfukoni. Mzee alikuta chujio limejaa vumbi na ncha ya sindano imelika. Akavibadilisha vyote viwili, akalirudisha boya kwenye kipimo chake, na moshi ukaisha. Kumbe boya halikuwa na kosa lolote mpaka siku lilipopindwa kwa kukisia.

Mzee huyo alimpa pia ushauri ambao twautoa kwenu, hasa ninyi wanafunzi mnaotamani ufundi. Nunua daftari. Andika kila siku lita ulizonunua na safari ulizokwenda. Siku esansi ikizidi kwa safari zile zile, utaiona katika daftari kabla ya kuiona katika sahani ya watoto. Na fundi naye aandike kipimo alichokuta na kipimo alichoacha, ili ajaye nyuma yake asianze gizani. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana ameanza kulipa deni tena. Mkewe ndiye aandikaye daftari. Kwani yeye, asema, ndiye aliyegundua ugonjwa wa piki-piki kwanza, sufuria ilipopungua.