Mfunzeni Mtoto Kukihoji Kitabu

Ndugu zetu wazazi na walimu wa Jego, watoto wetu wanasoma sana lakini wanahoji kidogo. Mwanafunzi wa sekondari hununua mwongozo kabla hata hajaifungua riwaya yenyewe. Hukariri maudhui na sifa za wahusika, kisha siku ya mtihani huyamwaga yote karatasini. Muulize, "Umejuaje kwamba mhusika huyu ni msaliti?" Atanyamaza, maana jibu si lake.

Hatusemi kuhifadhi ni kubaya. Mtoto huhifadhi Qur'ani chuoni, na hiyo ni baraka. Lakini wazee wetu hawakuishia hapo. Katika darsa za msikitini sheikh husoma mstari, huufasiri, na wanafunzi huuliza hadi waridhike. Katika elimu ya namna hiyo ndimo alimokulia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza watu wa pwani wazipime mila zao kwa hoja.

Leo haja yetu ya kuhoji ni kubwa zaidi. Jirani zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu hulinda mikoko na kulipwa kwa hewa ya kaboni kupitia mradi wa Vanga Blue Forest. Makubaliano ya miradi, ya ardhi na ya mikopo ya simu yatawafikia watoto wetu pia. Asiyezoea kuuliza nani anapata nini, kwa muda gani na kwa sharti gani, atatia sahihi asichokijua.

Basi na tufanye hivi. Mwalimu, kila wiki toa ukurasa mmoja tu, wa gazeti au wa riwaya. Mwanafunzi aandike mwandishi anadai nini, ametoa ushahidi gani, na amenyamazia nini. Kisha aandike aya moja kueleza kama anakubali na kwa nini, akionyesha maneno yaliyomo ukurasani. Usimsahihishie tahajia peke yake. Ipime hoja yake, umrudishie aandike tena. Aliyezoea hivyo hatababaishwa na ufupisho wa mtihani wa KCSE.

Nawe mzazi, hata kama hukusoma, muulize mwanao kila jioni, "Umejuaje?" Akikuuliza wewe, usimkemee ukadhani amekosa adabu, kuuliza si ujinga. Mjibu kwa hoja, ajue kwamba nyumbani kwao hoja ina heshima.